Injini Safi, Chemchemi Safi: Utunzaji wa Pikipiki Zinazopozwa kwa Hewa

(Hotuba kwa wakazi wa kata)



Kwa mama mjamzito anayeishi mbali na barabara ya lami, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa. Kwa mkulima mwenye gunia la mahindi, ndiyo lori. Kwa kijana aliyeichukua kwa mkataba, ndiyo shamba lake. Injini ikifa kabla mkataba haujaisha, deni halifi pamoja nayo. Kwa sababu hiyo, usafi wa injini si urembo. Ni ulinzi wa riziki.

Pikipiki nyingi za abiria, kama vile Bajaj Boxer na TVS HLX, hazina rejeta. Joto la mwako hutoka ndani ya silinda, hupita katika aluminiamu, hufika kwenye mapezi, kisha huchukuliwa na upepo. Mapezi ni vile vibamba vyembamba vinavyoizunguka silinda. Yamewekwa mengi kwa sababu hewa hupitisha joto kwa shida. Maji yaliyotulia hulipitisha zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Tope lililochanganyika na oili likikauka katikati ya mapezi, huifunika injini kama blanketi. Joto hubaki ndani, oili huwa nyepesi kupita kiasi, vyuma husagana, na hatimaye pistoni hukwama.

Kazi ya kusafisha ina mpangilio wake. Kwanza, injini iachwe ipoe kabisa, kwa maana maji baridi juu ya chuma cha moto huweza kukipinda au kukipasua. Pili, mdomo wa bomba la moshi na njia ya chujio la hewa vizibwe kwa mfuko wa plastiki, na plagi ibaki mahali pake ili maji yasiingie ndani ya silinda. Tatu, tope kavu litolewe kwa kijiti cha mti, nayo mafuta yalainishwe kwa dizeli kidogo na brashi ya kawaida, mahali penye hewa na mbali na moto. Nne, injini ioshwe kwa maji ya sabuni, isuuzwe, ikaushwe, na mifuko yote iondolewe kabla ya kuwashwa.

Yako mazoea matatu yanayopaswa kuachwa. La kwanza ni kuosha injini kwa petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa au sigara iliyo mbali, na moto hurudi kwa aliyeshika brashi. La pili ni kutumia kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Huila aluminiamu yenyewe, hutoa gesi inayowaka, na huunguza ngozi na macho. La tatu ni kuipaka injini oili chakavu ili ing'ae. Mng'ao huo hudumu siku moja, kisha vumbi la barabarani hunasa juu yake na blanketi hurudi upya.

Mwenye kutaka kuipaka rangi hakatazwi, ila achague rangi inayostahimili joto, iliyoandikwa hivyo kwenye kopo. Rangi ya milango hubabuka na kutoa harufu ya kuungua. Chuma kisuguliwe kwa msasa laini, kifutwe mafuta yote, na sehemu zisizohitaji rangi zifunikwe. Ipakwe mikono miwili au mitatu, kila mmoja uwe mwembamba, kwa kuwa rangi nene huzuia joto. Kisha, kama maelezo ya kopo yanavyoelekeza, rangi ikomazwe kwa joto kidogo kidogo: injini iwashwe kwa muda mfupi, ipoe, iwashwe tena kwa muda mrefu zaidi. Rangi nyeusi isiyong'aa hutoa joto vizuri kuliko aluminiamu iliyong'arishwa, lakini pikipiki inapokwenda, kazi kubwa hufanywa na upepo. Hakuna rangi inayoweza kufidia mapezi yaliyozibwa.

Limebaki jambo linalowagusa hata wasio na pikipiki. Maji yaliyoosha injini yana oili, dizeli na sabuni. Yakimwagwa mtoni, mtu aliye bondeni huyachota. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na fukwe dhidi ya shughuli zinazoweza kuathiri mazingira yake. Uoshaji ufanyike nje ya mpaka huo, mbali na visima na chemchemi. Oili chakavu itiwe kwenye dumu lenye kifuniko, lisilotumika tena kwa maji wala chakula, isimwagwe ardhini wala mfereji.

Inafaa kila kijiwe cha bodaboda kikae na ofisi ya mtendaji wa kata, kikubaliane mahali pamoja pa kuoshea na dumu moja la kukusanyia oili. Gharama yake ni ndogo. Kisima kikishaharibika, hakuna mkataba wa pikipiki unaotosha kukirudisha.