Kungoja Vita si Woga

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa Kalemie



Wako watu wanaosema: kiongozi asiyepiga kwanza ni mwoga. Basi tuangalie mambo yaliyopita hapa kwetu, pale mto Lukuga unapotoka ziwani.

Mwaka wa 1914 Mfalme Albert wa Ubeleji hakutaka vita. Tarehe 2 mwezi wa 8 Wajerumani walidai njia ya kupita nchini mwake ili wapige Ufaransa. Akakataa. Lakini hakuita majeshi ya Ufaransa mpaka Wajerumani walipovuka mpaka, tarehe 4. Na huku Kongo serikali yake ilitaka kukaa nje ya vita, kama Mkataba wa Berlin wa 1885 ulivyoruhusu.

Wajerumani hawakujali mkataba. Tarehe 15 walipiga Mokolobu, upande wa Uvira. Wakavunja mitumbwi, wakakata waya wa simu. Tarehe 22 meli yao Hedwig von Wissmann ikaja hapa Lukuga, ikapiga mizinga meli Alexandre Delcommune na kuiharibu. Ndipo Waziri wa Makoloni, Renkin, akaruhusu vita.

Wandugu, kukataa kuanza vita kulikuwa haki. Lakini kungoja si kulala. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka wa 1915 tu, na wakati huo wote Wajerumani walitembea ziwani kama kwao.

Tena, nani aliulizwa? Si babu zetu. Mwaka wa 1916 Force Publique iliingia Kigoma mwezi wa 7, na Tabora tarehe 19 mwezi wa 9. Bendera ilikuwa ya Ubeleji, mabega yalikuwa ya Wakongo. Wapagazi maelfu kwa maelfu walibeba risasi na chakula. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Mji huu ulichukua jina la mfalme, ukaitwa Albertville. Hakuna mji ulioitwa kwa jina la mpagazi.

Kwa hiyo kiongozi akisema, "Sitapiga kwanza," tusimcheke. Tumwulize: umeweka ulinzi gani? Na siku ya kupeleka watoto wetu vitani, utatuuliza sisi wazazi?

Nchi yenye uhuru ni ile ambayo mwenye kubeba mzigo anaulizwa kabla mzigo haujafungwa.