Kona Moja kwa Siku Moja

Somo letu la leo, wanafunzi wa Kasulu na Kibondo, linahusu nyumba. Tutajifunza jinsi ya kupata moyo wa kuondoa vitu visivyofaa, na kuvipanga vinavyofaa.

Tazama ndani ya nyumba yako. Nyuma ya mlango pana jembe lisilo na mpini. Chini ya kitanda pana madumu ya mawese yaliyopasuka na tairi kuukuu la baiskeli. Pembeni kuna rundo la magunia yaliyotobolewa na panya. Juu ya magunia kuna nguo, na chini ya nguo hizo, labda, kuna kadi ya kliniki ya mtoto. Nasema labda, kwa sababu hata wewe mwenyewe huna hakika.

Kwa nini tunaviweka vitu hivi? Wazee walisema akiba haiozi. Neno hilo ni la kweli. Lakini akiba ni kitu utakachokitumia. Mbegu za maharage zilizokaushwa vizuri ni akiba. Gunia bovu si akiba, ni nyumba ya panya. Panya akipata malazi hula mahindi yako, hutafuna karatasi zako, na nyoka humfuata. Mwenye kutunza gunia bovu hulipa kodi kwa panya kila usiku, kibaba kwa kibaba. Mbu nao hupenda kupumzika mchana mahali penye giza, kama nyuma ya nguo zilizotundikwa ukutani.

Sasa tuzungumze juu ya karatasi. Karatasi ni nyepesi, lakini baadhi yake ni mali kubwa. Kuna cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, kitambulisho cha taifa, na hati ya shamba. Sisi tunaishi karibu na mpaka wa Burundi. Mtu akiomba kitambulisho, huulizwa alizaliwa wapi na wazazi wake ni nani. Cheti hujibu upesi kuliko maneno. Cheti kikiliwa na panya, utasafiri, utalipa nauli, na utangoja.

Ulipokuwa hujui kusoma, karatasi zote zilikuwa sawa machoni pako. Uliogopa kutupa hata moja, na ulifanya vyema. Sasa unajua kusoma. Shika karatasi moja moja. Soma jina lililo juu, kisha soma tarehe. Hiki ni cheti cha mtoto: kiwekwe. Hili ni tangazo la mkutano uliokwisha pita: litoke. Karatasi usiyoielewa usiitupe. Ilete darasani, mwalimu akusaidie. Karatasi za kutunza zitie katika kopo la bati lenye mfuniko. Waonyeshe watu wa nyumbani mahali pa kopo hilo.

Watu wengi husema, “Nikipata moyo, nitaanza.” Hapo ndipo wanapokwama. Moyo wa kazi mara nyingi huja mkono ukiwa umekwisha anza. Mkulima akisimama asubuhi na kutazama shamba zima, atachoka kabla ya kulima. Mkulima mwenye busara hushika tuta moja. Akilimaliza, hutazama nyuma, hufurahi, hushika la pili. Fanya hivyo nyumbani. Leo chukua kona moja tu, labda nyuma ya mlango. Ukimaliza, pumzika.

Vitu vya kona hiyo vitenge mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vinavyotumika: vipate mahali pake. Fungu la pili ni vya kutengenezwa: vipewe siku. Jembe lisilopata mpini kabla ya mvua za kwanza, mpe jirani aliye na mpini. Fungu la tatu ni vya kutoka. Chuma kibovu kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tairi na makopo usiyaache uani, maana hushika maji ya mvua na mbu hutaga humo. Magunia mazima yenye nafaka yapange juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, ili upite na kufagia.

Neno moja la kuangalia: usitupe kitu cha mwenzio bila kumwuliza. Kibuyu kikuukuu cha bibi huenda ni kumbukumbu ya mama yake. Nyumba haipati nafasi kwa ugomvi. Keti na mwenzio na watoto, mkubaliane.

Tena, usifanye peke yako. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha kikundi kikaamua kazi ya kufanya. Masomo yalichukua majuma 12. Watu walifyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo. Wengi wao walikuwa wakijua tangu zamani kwamba majani na madimbwi hayafai. Kampeni iliwapa vitu viwili zaidi: siku iliyopangwa, na jirani wa kuwauliza, “Umefika wapi?” Sisi nasi tutumie dawa hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wakati mzuri ni kiangazi, baada ya mavuno, kabla mvua hazijaanza. Lakini kopo la karatasi lisingoje kiangazi. Lipate leo.

Kazi ya kikundi kwa juma hili:

1. Kila mmoja ataje kona atakayoanza nayo na siku atakayoifanya. Mwandishi wa kikundi aandike.

2. Andika majina ya karatasi tano za kutunzwa nyumbani kwako. Je, unajua kila moja ilipo?

3. Chagua jirani mmoja. Mtembelee, naye akutembelee. Ulizaneni, “Umefika wapi?”

Juma lijalo tutasoma majibu yenu. Kwaherini, na kazi njema.