Mtoto Anapopigania Pumzi: Yale Majaribio ya Tiba Yametufunza

Hotuba ya afisa wa kliniki wa watoto kwa wahudumu wa afya ya jamii, machifu na wazee wa vijiji, Garissa

 

Nimeombwa niongee kuhusu nimonia. Kwa Kisomali mnaiita oof-wareen, na jina hilo linaeleza mchomo wa kifua vizuri kuliko vitabu tulivyosomea. Lakini dalili zake mnazijua. Ninachotaka kuongelea ni kauli ambayo kila muuguzi wa wodi ya watoto amewahi kuambiwa na mzazi: "Msimwekee mtoto wangu hiyo hewa. Kila anayewekewa hafiki asubuhi."

Msimcheke mzazi huyo. Alichokiona ni kweli. Amekaa wodini, ameona mtoto wa kitanda cha jirani amewekewa mpira puani, na usiku ule akafariki. Asichoweza kuona ni kwamba mtoto yule alifika baada ya siku nne za kuhangaika, midomo ikiwa tayari imebadilika rangi. Oksijeni ilimkuta amechoka. Na hapa ndipo utafiti unapoingia, kwa sababu macho peke yake, yawe ya mzazi au ya daktari, hayawezi kutenganisha dawa iliyoua na dawa iliyochelewa.

Watafiti hutenganisha kwa kura. Watoto wenye ugonjwa unaofanana hugawanywa kwa bahati nasibu, kundi hili lipate tiba hii na lile lipate ile, kisha wahesabiwe. Daktari hachagui nani aende wapi, maana akichagua atawapeleka wale mahututi upande mmoja bila kujua, na hesabu itaharibika.

Jaribio la kwanza ninalotaka mlijue ni la hapa Kenya. Zamani mtoto ambaye kifua kilibonyea ndani chini ya mbavu akivuta pumzi alilazwa na kudungwa penisilini. Kwa mama wa Hulugho hiyo ilikuwa na maana ya kuacha mifugo na watoto wengine, atafute gari, alale hospitalini siku kadhaa. Watafiti wa Kenya wakiongozwa na Dkt. Ambrose Agweyu walichukua watoto 527 katika hospitali sita. Nusu wakapata sindano, nusu wakapata amoksisilini ya kumeza. Matokeo yakachapishwa mwaka 2015: tiba ilishindwa ndani ya saa 48 kwa watoto 8.0 kati ya 100 waliodungwa, na 7.7 kati ya 100 waliomeza. Kwa maneno mengine, hakukuwa na tofauti ya maana. Mwongozo wa kitaifa ukabadilika. Leo mtoto wa aina hiyo anayeweza kunyonya au kunywa, ambaye hana dalili nyingine ya hatari, anaweza kutibiwa nyumbani kwa vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji safi. Basi zahanati ikimrudisha mama na vidonge, mzee asiseme wamemfukuza.

Sasa oksijeni yenyewe. Mwaka 2017 ulianza utafiti mkubwa nchini Uganda na katika pwani yetu, Kilifi ikiwemo, uliojulikana kwa jina la COAST. Swali lake lilikuwa gumu hata kuliuliza: ni mtoto yupi hasa anayehitaji oksijeni, na kwa njia ipi? Watoto ambao oksijeni ya damu ilikuwa chini ya 80 kwa mia wote walipewa, wengine kwa mpira wa kawaida, wengine kwa mashine inayosukuma hewa ya joto kwa kasi. Wale wa kati ya 80 na 91 waligawanywa mara tatu, na kundi la tatu halikupewa oksijeni mpaka kiwango kishuke chini ya 80.

Najua baadhi yenu mmeshtuka. Hata madaktari wengi walishtuka, na mjadala ulikuwa mkali. Utafiti ulisimama mwaka 2020 ukiwa na watoto 1,842, wakati mpango ulikuwa 4,200. Katika kundi la wagonjwa zaidi, waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa 9.3 kati ya 100 kwa mashine ya kasi na 13.4 kwa mpira wa kawaida. Katika kundi la kati vifo vilikuwa vichache pande zote: 1.1 kwa mashine ya kasi, 2.5 kwa mpira wa kawaida, 1.4 kwa wasiopewa mara moja. Idadi haikutosha kukata shauri. Kwa hiyo sisi tunaendelea na mwongozo uleule: chini ya 90, mtoto anapewa oksijeni. Nawaeleza habari ya utafiti usiotoa jibu kamili kwa makusudi, kwa sababu mkisikia mtu anasema sayansi imemaliza kila kitu, mjue hajasoma.

Linalofuata ni la mashine, na hapa viongozi wetu wanisikilize. Kuna chombo kinachosukuma hewa mapafuni kwa mgandamizo, ncha ya bomba lake ikitumbukizwa kwenye chupa ya maji inayotoa mapovu. Ni rahisi, si ghali sana, na hospitali ya Dhaka nchini Bangladesh ilikijaribu. Matokeo yao ya mwaka 2015 yalipendeza: waliofariki walikuwa 4 kwa mia, huku waliotumia mpira wa kawaida wakiwa 15 kwa mia. Nchi nyingi zilikitamani. Malawi wakakipima katika hospitali ya wilaya ya Salima, kwa watoto 644, wengi wao wakiwa na utapiamlo au upungufu mkubwa wa oksijeni. Huko mambo yaligeuka. Waliowekewa mashine ya mapovu walifariki 17 kwa mia, na wa mpira wa kawaida 11 kwa mia. Jaribio likasitishwa.

Chombo ni cha aina ileile. Dhaka daktari alikuwa wodini. Salima hakukuwa na daktari wa kusimamia kila siku. Mtoto aliyefungwa mashine usoni anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni, tumbo linaweza kujaa hewa, na lazima awepo mtu wa kuona hayo saa nane za usiku. Maoni yangu ni kwamba kaunti yenye watoto wengi wenye utapiamlo kama yetu inapaswa kujilinganisha na Salima kabla ya Dhaka. Tukiletewa mashine kumi, swali la kwanza liwe ni wauguzi wangapi watakaa nazo usiku. Picha za makabidhiano zitapigwa tu baadaye.

Habari njema imetoka Uganda. Katika vituo 20 vya afya walifunga paneli za jua, betri, na mashine inayochuja oksijeni kutoka hewa hii tunayovuta. Kati ya 2019 na 2021 walilinganisha kipindi cha kabla na cha baada ya kufungwa, na vifo vya watoto wenye upungufu wa oksijeni ndani ya saa 48 vikapungua kwa karibu nusu. Hapakuwa na dawa mpya wala daktari bingwa. Kilichobadilika ni kwamba oksijeni haikukatika umeme ulipokatika. Ndugu zangu, jua si kitu cha kuagiza huku. Kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilizinduliwa hapa Garissa Desemba 2019. Jua tunalo, vumbi pia tunalo, na kichujio cha mashine hizo kisipooshwa kila wiki, oksijeni inayotoka hupungua huku mashine ikiendelea kunguruma kana kwamba iko sawa.

Majaribio ya oksijeni niliyoyataja hayakufanyika huku kwetu. Kinachojulikana zaidi upande wetu ni vijidudu: kuanzia 2007 sampuli za pua na koo zilichukuliwa Hagadera na Kakuma, zikaonyesha virusi vya aina nyingi kwa watoto wenye matatizo ya kupumua. Iko siku watafiti wa tiba watakuja pia. Wakija, mzazi aulize mtoto atafanyiwa nini, ni nini kingefanyika kama asingeingia, na kama anaweza kutoka wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Aulize kwa Kisomali na ajibiwe kwa Kisomali. Mzee wa kijiji anaweza kushauri, lakini ridhaa ni ya mzazi.

Kazi yenu kwa sasa ni ya saa na macho. Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari, apelekwe bila kungoja. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka, 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Akishindwa kunyonya, akilegea, au akikoroma kila anapotoa pumzi, msisubiri gari la kesho. Na lile la kuchoma kifua kwa chuma cha moto, naliongea kwa heshima kwa sababu waliotulea walilifanya kwa mapenzi: kidonda huongeza njia ya maradhi, na zile siku mbili za kungoja kama litafaa ndizo oksijeni ingezihitaji. Ukimkuta mtoto ameshachomwa, usigombane na nyanya yake. Mpeleke hivyohivyo.

Sasa nachukua maswali. Tuanze na dada zangu wa Ijara, wana safari ndefu.