Nguo ya Kwanza Iletwe Hadharani

Hotuba ya mwalimu wa ushonaji wa chuo cha wananchi, aliyoitoa kwa wakazi wa kata siku wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipoleta nguo zao za kwanza zitazamwe na wananchi.



Nimeombwa niseme machache kabla hamjaisogelea meza hii. Juu yake zipo nguo 11. Kila moja ni nguo ya kwanza ambayo mwanafunzi ameipima, ameikata na kuishona peke yake, tangu mstari wa kwanza wa chaki hadi kifungo cha mwisho. Hazikuletwa hapa ili zipigiwe makofi, ingawa makofi hayakatazwi. Zimeletwa ili zikaguliwe, nanyi ndio wakaguzi.

Huenda mtu akauliza kwa nini kazi hiyo wapewe wananchi ilhali chuo kina walimu. Mwalimu hutazama nguo kwa jicho la mwalimu. Mimi nitaona kama mshono umenyooka, kama pindo lina upana ule ule pande zote, kama uzi wa juu na wa chini umekaza sawasawa. Mama anayeshika njia ya sokoni alfajiri, mtoto mgongoni na mzigo kichwani, ataona mambo mengine kabisa. Chuo kinaweza kumpa kijana ufundi wa cherehani, lakini habari za namna watu wa Kasulu na Kibondo wanavyoishi ndani ya nguo zao mnazo ninyi.

Nitachukua nguo moja niwaonyeshe ninachokisema. Mwenyewe ameniruhusu.

Hili ni gauni la kitenge. Binti aliyelishona alisema tangu mwanzo kwamba analishona kwa ajili ya mama kijana anayenyonyesha, atakayelivaa kanisani, mkutanoni na sokoni. Nilifurahi kusikia hivyo, kwa maana wanafunzi wengi hushona nguo ya mtu asiyekuwepo. Likitazamwa kwa nje ni gauni zuri. Maua ya kitambaa yamekutana vizuri ubavuni, jambo linalohitaji uvumilivu na kitambaa cha ziada. Zipu ya mgongoni imelala bila kujikunja, na wote waliowahi kushona zipu wanajua maana yake.

Sasa naligeuza ndani nje. Nawaomba mfanye hivyo kwa kila nguo mtakayoishika leo, wala msione haya. Chuoni hatuna mashine ya ovaloki ya kutosha kila mmoja, kwa hiyo kingo hizi zimekunjwa na kushonwa tena ili zisichanike nyuzi. Kazi ni ya polepole, lakini gauni hili litafuliwa kwa mikono na kuanikwa juani mara nyingi kabla kingo zake hazijaanza kuachia. Binti pia alikiloweka kitambaa na kukianika kabla ya kukikata, maana pamba husinyaa, na anayekata kabla ya kuloweka humshonea mteja nguo itakayombana baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Basi kasoro iko wapi? Juma lililopita tulimwalika mama mmoja mtu mzima, mkulima, atazame kazi zetu chuoni. Hakugusa mshono wala hakuuliza habari za zipu. Alimwambia binti alivae gauni lake, kisha akamwambia: "Mwanangu, jitwishe ndoo." Binti akainua mikono yote miwili kana kwamba anapandisha ndoo kichwani. Gauni zima likapanda pamoja na mikono, pindo likaliacha goti mbali. Mama yule akasema, "Basi, nimeona," akaketi.

Wenzake wakamshauri binti achimbe kwapa liwe pana zaidi. Hivyo ndivyo wengi wetu tungefikiri: panapobana, panuliwe. Kwapa la nguo halifuati hesabu hiyo. Tundu la mkono likishuka chini, mkono unapoinuka huvuta ubavu wote wa gauni, kwa sababu mshono wa mkono umeungana na mwili mbali na kiungo cha bega. Tundu likikaa juu, karibu na kwapa la mtu mwenyewe, na mkono wa nguo ukaachiwa upana wa kutosha, mkono hunyanyuka na gauni hubaki mahali pake. Ndiyo sababu wanaoanza huona nguo yenye kwapa kubwa ni ya starehe inapotundikwa, na ya taabu inapofanyiwa kazi.

Kitambaa kikishakatwa hakiongezeki, hata hivyo dawa ipo, tena ya zamani. Mafundi wa kanzu wa pwani hutia kipande kidogo chini ya mkono, nao hukiita kikwapa. Mwenye kanzu huinua mikono atakavyo, na kanzu hubaki imetulia. Binti amefumua, ametia vikwapa viwili vilivyokatwa kutoka katika mabaki ya kitenge hicho hicho, na leo ninyi mtamjitwisha ndoo tena.

Kasoro ya pili aliitaja mama kijana aliyekuja kumchukua mdogo wake. Alilitazama gauni, akasema: "Na mtoto akilia?" Gauni la mama anayenyonyesha lilikuwa limefungwa kwa zipu ya mgongoni! Zipu ile iliyoshonwa kwa umahiri wote ilikuwa upande usiofaa. Hilo binti hakulibadilisha, maana ingempasa kuanza upya sehemu yote ya mbele. Ameliandika katika daftari lake, na gauni la pili, ambalo tayari limekatwa, lina vifungo mbele.

Zingatieni kwamba maneno hayo mawili, "jitwishe ndoo" na "na mtoto akilia," hayakumgharimu msemaji chochote, wala hayakumvunjia binti heshima. Hakuna aliyesema gauni ni baya. Kila mmoja alitaja jambo linalotokea pale nguo inapovaliwa. Maneno ya namna hiyo ndiyo tunayoyaomba leo.

Ninawafahamu watu wetu. Sisi wa nyanda hizi tumelelewa kusalimiana kirefu na kumpa moyo kijana. Tukionyeshwa kazi ya mikono ya mtoto wa jirani, tunasema "hongera, imependeza," kisha tunakwenda zetu. Ni adabu njema, na siku ya harusi yatosha. Lakini mwenye cherehani akisikia "imependeza" hapati la kufumua wala la kuongeza. Anarudi nyumbani na furaha, anashona nguo ya pili yenye kwapa lile lile. Baada ya miezi michache mteja yule aliyesema imependeza anaonekana gulioni, ameinama juu ya rundo la mitumba. Hakusema neno. Ameondoka kimya, na fundi hajui kwa nini.

Kimya hicho kina bei, na bei yenyewe inaihusu halmashauri moja kwa moja. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Mkopo huo hauna riba. Hata hivyo ni mkopo, si sadaka. Hurejeshwa ili kikundi kingine nacho kipate. Kikundi cha mafundi kinaweza kununua vyerehani kwa fedha hizo, lakini cherehani halilipi deni. Deni hulipwa na mtu aliyeshonewa mara ya kwanza, akaridhika, akarudi, akamleta na shemeji yake. Kijana atakayejua kasoro zake leo, kwenye kitenge kimoja, hatazijua kesho akiwa na deni la kikundi kizima.

Vilevile tusijidanganye kuhusu ushindani. Barabara ya lami inayotoka Kabingo, ikapita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, ni neema kubwa kwetu. Lakini gari lililokuwa likikwama na mzigo wa nguo za dukani sasa hukwama mara chache. Nguo zilizoshonwa viwandani zitafika kwetu haraka zaidi na pengine kwa bei nafuu zaidi. Fundi wa hapa hatashinda kwa bei. Atashinda kwa jambo ambalo kiwanda hakiwezi: kukupima wewe, bega lako lililo juu kidogo kuliko jingine, na kukuuliza unafanya kazi gani.

Soko lenye uhakika kuliko yote, kwa maoni yangu, ni sare za shule, ingawa vijana wengi hawalipendi kwa kuwa halina fahari. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne hutolewa bila ada katika shule za serikali, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi. Mzazi wa watoto 4 hataki sketi maridadi. Anataka sketi itakayovaliwa miaka miwili. Kwa hiyo pindo liwe refu ndani, ili mtoto akirefuka lishushwe. Mshono wa nyuma wa suruali ushonwe mara mbili. Kiuno kiwe na nafasi ya kuachiliwa. Kati ya nguo 11 zilizopo mezani, sare ni moja tu, nayo imewekwa pembeni kana kwamba inaona aibu. Nawaomba akina baba na akina mama muanze na hiyo. Livuteni pindo, hesabuni vidole vinavyoingia ndani yake, mseme kama panatosha.

Simkatazi kijana kuota. Dar es Salaam, tangu mwaka 2008, kuna maonyesho ya Swahili Fashion Week yaliyoasisiwa na mbunifu Mustafa Hassanali, na wanafunzi wangu huyatazama kwenye simu hadi chaji inakwisha. Wayatazame. Ila wajue kwamba hata nguo zile zinazopita jukwaani hazikuzaliwa zilivyo. Katika nyumba kubwa za ushonaji za Paris, gauni la hariri hutanguliwa na gauni la pamba ya bei ndogo, ambalo huvalishwa, huchorwa alama, hufumuliwa na kukatwa upya mpaka likae sawa. Ndipo mkasi unapoigusa hariri. Sisi hufanya hivyo kwa shuka kuukuu. Mzazi mwenye shuka lililochakaa asilifanye tambara la kudekia kabla hajauliza kama kuna mwanafunzi analihitaji. Shuka moja lililotoboka katikati bado lina mikono miwili na kola ndani yake.

Neno kwa wanafunzi. Simameni karibu na nguo zenu, lakini msizitetee. Mzee akisema shingo inambana, msimwambie ni mtindo. Neno hilo limewafukuza wateja wengi. Muulizeni inambana wapi, akiketi au akisimama, kisha andikeni. Si kila mtakaloambiwa ni la kufuata. Watu wawili watawaambieni maneno yanayopingana, mmoja ataka gauni lishuke na mwingine ataka lipande. Mkiona hivyo, tafuteni ni nani kati yao aliye mteja wa nguo hiyo.

Na kwa mafundi wenzangu wenye vibanda sokoni, ambao nawaona mmekaa nyuma: najua baadhi yenu mnawaza kwamba tunawafundisha watakaowanyang'anya wateja. Njooni mbele. Ninyi mmekata vitambaa vingi kuliko sisi walimu, na jicho lenu litaona kwa dakika moja lile tunalolitafuta kwa saa nzima. Tena kila Januari mnakataa sare kwa kuzidiwa na kazi. Mchagueni leo kijana mtakayemkabidhi nusu ya mzigo huo.

Utaratibu ni huu. Nguo zitakuwa hapa hadi saa tisa alasiri. Mnaruhusiwa kuzishika, kuzigeuza na kuzivuta. Asiyeandika atamwambia mwanafunzi naye ataandika kwa niaba yake. Atakayetaka kujaribu kuvaa, chumba cha ofisi ya mtendaji kimetolewa kwa akina mama, na kioo kimo. Afisa Maendeleo ya Jamii ameketi chini ya mwembe kwa wanaotaka kuuliza habari za vikundi na mikopo. Aje kiongozi wa kikundi pamoja na katiba yao kama wanayo. Baada ya wiki 6 nguo hizi hizi zitarudishwa mbele yenu, zikiwa zimefumuliwa na kushonwa upya, pamoja na daftari la yale mliyoyasema, ili mwone lililotendwa na lililoachwa.

Ndoo iko pale mlangoni, ina maji nusu. Atakayetaka kujua kama vikwapa vimefanya kazi amwite binti.