Reli, Shule na Kura: Tuliyoyaona katika Estonia



Sisi tuliopigania mfumo wa vyama vingi tulizoea kuamini kwamba katiba ikirekebishwa, mkate utafuata wenyewe. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Agosti ya mwaka huo huo Estonia, nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, ilikuwa imerejesha uhuru wake kutoka katika Muungano wa Kisovieti. Tumeona yafaa tuitazame safari yao.

Estonia haikuanza mikono mitupu. Ilirithi reli, vituo vya umeme na, kubwa zaidi, watu waliosoma. Lakini reli ile ilijengwa kwa upana wa Kirusi, milimita 1520, nayo haioani na milimita 1435 za nchi nyingi za Ulaya. Ndiyo maana reli mpya, Rail Baltica, ingali inajengwa. Miundombinu humkumbuka bwana aliyeijenga. Sisi tulioachiwa njia ya Mombasa hadi Kisumu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Katika simu, serikali yao iliyapa makampuni ya Uswidi na Ufini asilimia 49 ya shirika la simu, pamoja na haki ya pekee ya huduma hadi mwisho wa mwaka 2000. Sisi wanasheria tunauogopa ukiritimba, na tuna sababu. Hata hivyo ukiritimba ule uliandikiwa tarehe ya kufa ndani ya mkataba, na tarehe ilipofika ukafa. Mikataba mingapi tunayoijua ina tarehe ya namna hiyo, ikaheshimiwa?

Mwaka 1996 Rais Lennart Meri alitangaza mpango wa Tiigrihüpe, yaani Mruko wa Chui-Milia, wa kupeleka kompyuta na intaneti mashuleni. Walimu nao walifunzwa kuzitumia, jambo ambalo wafadhili wengi hulisahau. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa 2018, wanafunzi wa Estonia waliongoza Ulaya katika kusoma, hisabati na sayansi. Hatudai kwamba kompyuta ndizo zilizoleta hayo. Shule zile zilikuwa na mizizi mirefu.

Lakini upo upande wa pili. Katiba mpya ilipopigiwa kura ya maoni Juni 1992, karibu theluthi moja ya wakazi, wengi wao wasemao Kirusi, hawakuwa na uraia, basi kura ile iliwapita. Narva, mji wa mpakani, ni mji wao. Kiwanda chake cha nguo cha Kreenholm, kilichoanzishwa 1857 na kuajiri maelfu enzi za Kisovieti, kilifilisika mwaka 2010. Ujuzi wa mfumaji wa miaka thelathini haukuhamia katika kompyuta.

Sensa ya 1989 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.5, ile ya 2011 ikakuta chini ya milioni 1.3. Wengine walirudi Urusi, vizazi vikapungua, na vijana wenye ujuzi wakavuka maji kwenda Ufini kutafuta mshahara bora.

Tungependa mjadala wa alasiri uanzie Narva: mfumaji yule, asiye na kura wala kazi, angeipeleka wapi kesi yake?