Gharama Zisizo kwenye Fomu



Mhasibu mkimpa kipaza sauti atawasomea hesabu tu. Mnivumilie.

Wengi mnanikumbuka nikibebwa mgongoni na kaka zangu masika, njia ya shule ikijaa maji. Mwaka 2005 niliingia chuo kikuu na magongo yangu mawili. Bodi ya Mikopo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kazi Julai ile, nami nikapata mkopo: ada, chakula, malazi, vitabu. Nyumbani wakajua shida zimekwisha.

Nilikuwa na daftari la matumizi. Ninalo hadi leo. Ukurasa wa kwanza ni raba za magongo. Kwenye udongo wa Mofu raba hudumu. Kwenye lami na ngazi za zege, jozi moja haikumaliza miezi miwili. Nilianguka ngazini mbele ya darasa zima, kitabu kule, gongo huku. Ukurasa wa pili ni teksi. Kipindi kimoja ghorofa ya tatu, kinachofuata upande wa pili wa chuo: wenzangu walitembea dakika kumi, mimi nilipanda teksi au nilikikosa. Nililipa kwa hela ya chakula. Zipo siku nilisingizia nimefunga.

Mama alipokuja akanikuta nimekonda, akauliza, "Mkopo si wanakupa?" Niliona aibu kumtajia raba. Akarudi, akauza gunia la mpunga, akatuma hela bila kuuliza tena.

Tangu 2010 ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na siku hizi utaona majengo yenye njia za mteremko. Tunashukuru. Ila mteremko haununui fimbo nyeupe wala betri za shimesikio, na haumlipi wa kumsomea asiyeona kitabu kisicho na nukta nundu.

Yupo binti wa kwetu, sitamtaja, anamaliza kidato cha sita akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Akiomba mkopo, ulemavu wake lazima uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Kwa mtu wa Mofu hiyo ni nauli na siku nzima, masika usiseme. Namfahamu kijana aliyeacha sehemu hiyo wazi, akahesabiwa kama mwombaji yeyote. Binti huyu apelekwe mapema, matokeo yasisubiriwe.

Halafu chama kitenge fungu dogo, lisilo la ada, limfikie mkononi kila muhula unapofunguliwa. Asidaiwe risiti ya kila tairi. Ndiyo, mhasibu ndiye anasema hivyo, wakaguzi mnisamehe.

Naanza mimi na laki tatu. Mweka hazina, hizi hapa.