Kulala kwa Ndugu na Kudai Kodi ya Nyumba

(Nakala ya darsa iliyotolewa Nyegezi, Mwanza)

Kila sifa njema ni zake Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema. Amma baad.

Ndugu Waislamu, jambo tunalotaka kulizungumza leo ni dogo machoni pa watu, na huenda wapo wanaoona si la kuletwa msikitini. Ni fedha ya malazi. Mtu anapewa fedha ya kulipia mahali pa kulala, naye analala kwa ndugu yake bila kulipa kitu. Je, fedha ile ni yake? Sisi wakazi wa Nyegezi linatuhusu kuliko tunavyodhani. Hapa petu pana stendi ya mabasi, na wasafiri wa kikazi huteremka kila siku. Pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe, na pana chuo cha uvuvi. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zina mpwa, shemeji au mdogo wa mtu anayesoma au aliyeanza kazi.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba kulala kwa ndugu si kosa. Ni katika kuunga kizazi, na mwenye nyumba anayemkaribisha jamaa yake anapata thawabu. Kinachoulizwa ni karatasi inayopelekwa ofisini.

Wanavyuoni wa fiqhi hutazama kwanza fedha imetolewa kwa njia gani. Ikiwa mtoaji ameikadiria kwa mkupuo, kwamba kila usiku wa safari utapewa kiasi fulani, ulale gesti au ulale kwa kaka yako, basi akishakukabidhi imekuwa milki yako na ulichobakiza ni halali yako. Posho ya kujikimu ya watumishi wa serikali yetu kwa safari za ndani imekadiriwa kwa namna hiyo. Julai 2022 viwango vyake vilipandishwa, cha chini kutoka shilingi 80,000 hadi 100,000 kwa siku, na cha juu kutoka 120,000 hadi 250,000. Mtumishi aliyetoka Dodoma akalala kwa dada yake hapa Nyegezi, akala ugali kwa sato wa nyumbani, hana deni la mtu. Haramu inaingia anapolala siku tatu akaandika tano.

Ama ikiwa mtoaji amesema, "Tutakurudishia ulicholipa," hukumu inabadilika. Hapo anarudisha gharama, na aliyelala bure hana gharama ya kurudishiwa. Anayetoka asubuhi kwa kaka yake akapita gesti kununua risiti ya chumba ambacho hakukilalia, amesema uongo kwa maandishi, na aliyemuuzia risiti ni mshirika wake.

Lakini lililo zito zaidi, na ndilo lililotufanya tuchague maudhui haya, ni la mkataba wa pango baina ya ndugu. Mwajiri anasema, "Lete mkataba tukulipie kodi." Kijana anaishi chumba cha uani kwa baba yake mdogo, wala halipi kitu, isipokuwa siku akipita dukani ananunua sukari na mkaa. Anaandika mkataba wa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, baba mdogo anatia sahihi kwa huruma, na jirani anatia yake kama shahidi. Kwa karatasi moja watu watatu wameshahidilia kodi ambayo haijawahi kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Na tuzingatie kwamba Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, anapowaamrisha waumini wasimame kwa uadilifu katika ushahidi, anawataja kwa makusudi wazazi na jamaa wa karibu. Anajua Muumba wetu kwamba hapo ndipo ulimi unapoteleza. Kumkatalia mgeni ni rahisi. Mtoto wa kaka yako akija na kalamu mkononi, kumkatalia kunaonekana kama kumtupa. Sheria ya nchi nayo haikulinyamazia jambo hili. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani anayetumia nyaraka za uongo kumdanganya mwajiri wake.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Ibn al-Lutbiyyah, aliyetumwa kukusanya Zaka, akarudi akagawa mali mafungu mawili, hili la Waislamu na hili amepewa yeye zawadi. Mtume (S.A.W.) akamkemea mimbarini, akauliza kwa nini hakukaa katika nyumba ya baba yake na mama yake aone kama ataletewa zawadi hiyo. Katika swali hilo tunapata kipimo cha mkataba wetu. Lau asingekuwepo mwajiri wa kurudisha fedha, je, baba mdogo angemtoza mtoto wa kaka yake kodi hii, na kijana angeilipa? Ikiwa jibu ni hapana, basi hapana pango hapo.

Tumeulizwa pia na wazee wenye watoto Uingereza, ambako serikali huwasaidia kodi wenye kipato kidogo. Kanuni za huko za mwaka 2006 zinasema kwamba anayeishi nyumba moja na mwenye nyumba ambaye ni jamaa yake wa karibu hastahiki. Wametajwa wazazi, watoto, kaka, dada, wakwe na watoto wa kambo. Malipo ya Universal Credit yaliyoanza mwaka 2013 yamebakiza sharti hilo. Ami na mjomba hawamo katika orodha, na wapo wanaodhani wameona mlango. Lakini kanuni hizo zinakataa vilevile upangaji wowote uliotengenezwa kwa ajili ya kuchukua msaada. Ni kipimo kilekile tulichokitaja.

Wengine husema kwamba serikali ile si ya Waislamu, kwa hiyo mali yake ni halali. Hoja hii ni dhaifu mno. Mtume (S.A.W.) alipohama Makka alimwacha Ali (R.A.) arudishe amana za Makuraishi, nao ndio waliokuwa wakipanga kumuua. Na alipokuja kusilimu al-Mughira bin Shu'ba na mali aliyoichukua kwa wasafiri wenzake aliowahini, Mtume aliukubali Uislamu wake na akajitenga na mali ile, kama ilivyo kwa Bukhari. Imam Shafi katika al-Umm amekataza kuchukua mali ya watu waliokupa amani ya kuingia kwao. Visa ni amani hiyo.

Wanafunzi wanaopata fedha za chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo wanakaa mahali pengine katika suala hili. Ule ni mkopo, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Kulala kwa shangazi hakumharibii kitu. Atazame alichokijaza katika fomu kuhusu hali ya wazazi wake.

Njia ya halali ipo, na ni nyepesi. Kukodisha kwa ndugu ni ijara sahihi. Palipo mwajiri anayekubali jamaa awe mwenye nyumba, patanisheni kodi ya kweli na ilipwe kila mwezi hata mwajiri akichelewa. Asiyetaka kumtoza mtoto wa kaka yake amwachie chumba bure, na kalamu airudishe mezani.

Na aliyekwisha kuchukua, toba yake haitimii mpaka airudishe. Akiwa hakumbuki hesabu, akadirie mpaka moyo utulie kwamba hakupunguza, na akiwa hana cha kulipa kwa mara moja, alipe kidogo kidogo. Airudishe kwa mwajiri au kwa ofisi iliyomlipa. Wapo waliotuletea fedha za namna hii ziingie katika ujenzi wa msikiti, nasi tumewarudishia, kwani maadamu mwenye mali anajulikana na anafikika, yeye ndiye wa kupewa.

Wallahu aalam.